Uvira: Nani anajaribu mafuta haya kabla ya uso wa mteja?

Kila asubuhi katika masoko ya Uvira jaribio ni lile lile. Mteja anasimama mbele ya meza iliyojaa makopo, chupa na sabuni za rangi zote. Muuzaji anafungua kopo moja, anachovya kidole, anampaka mteja nyuma ya mkono. «Jaribu tu, yaya, utaniambia.» Mteja ananusa, anatazama mkono wake kwenye jua, anauliza bei, anaomba apunguziwe, kisha anaondoka na kopo lake kuelekea Kimanga, Kasenga ao Kalundu. Baada ya wiki tatu ndipo jibu la kweli linatokea, na linatokea usoni.

Katika mji ambao umezika watu wa mafuriko ya Aprili 2020, unaopambana na kipindupindu mwaka kwa mwaka na ambao vita haviuachi upumue, kuzungumzia mafuta ya ngozi na dawa ya nywele kunaweza kuonekana kama upuzi. Si upuzi. Vitu hivi vinanunuliwa hata na mama ambaye hana pesa ya kumwona daktari. Vinapakwa kila siku, mwili mzima, kwa miaka. Hakuna dawa ya hospitali inayotumiwa namna hiyo bila mtu yeyote kuipima.

Tena isemwe mapema: kutaka kupendeza si kosa. Wamama na wadada wa Uvira wamehubiriwa vya kutosha kuhusu nywele zao na ngozi zao, mara nyingi na wanaume ambao nao wanajipaka kopo lile lile wakifunga mlango. Shida haiko kwa mteja anayejaribu. Shida ni kwamba yeye ndiye wa kwanza kujaribu. Kopo limepita kiwandani, bandarini, duane, depo na butiki, na hakuna hata mmoja njiani aliyeuliza ndani mna nini.

Ndani mna nini basi? Katika mafuta na sabuni za kung'arisha ngozi, vitu vitatu vinarudi mara kwa mara. Cha kwanza ni hidrokinoni. Kinazuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili. Namna dunia ilivyofahamu nguvu ya jamii hii ya dawa ni hadithi ya kusikitisha. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama, wengi wao watu weusi, ambao mikono yao ilianza kutoka mabaka meupe. Chanzo kilikuwa glavu za mpira walizovaa kazini. Katika mpira huo kulikuwa na dawa iliyo ndugu wa hidrokinoni, iliyowekwa ili mpira usizeeke haraka. Hakuna aliyewauliza wafanyakazi wale kama wanataka kujaribu kitu. Miaka iliyofuata, kilichokuwa ajali ya kazi kikageuka biashara.

Ubaya wa hidrokinoni hauonekani mwanzoni. Mwezi wa kwanza uso unang'aa, majirani wanasifu. Lakini rangi nyeusi ya ngozi ni kivuli cha mwili, na Uvira iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Mama anayeuza ndakala kando ya ziwa tangu saa mbili asubuhi hana kivuli kingine. Kadiri anavyopaka na kusimama juani, mashavu yanaweza kuanza kutoka madoa meusi yenye rangi ya bluu, magumu, ambayo karibu hayatoki tena. Anapoona madoa, anaongeza mafuta ili ayafute, na mafuta yanayaongeza madoa. Viungo vya vidole vinabaki vyeusi, ndiyo maana vijana wanatania kwa uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola. Utani huo unachekesha wote isipokuwa mwenye uso.

Kitu cha pili ni kortizoni kali, hasa klobetazoli, inayouzwa katika tube ndogo kama za dawa ya meno. Hiyo ni dawa halisi. Daktari anaiandika kwa ugonjwa fulani wa ngozi, sehemu ndogo, kwa siku chache. Sokoni inakamuliwa ndani ya kopo la mafuta ya kawaida, inakorogwa pamoja na nyingine, na hapo ndipo jina la mkorogo linapotoka. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mistari inatokea mapajani na tumboni, chunusi na fangasi vinapata njia. Dawa inaingia hata katika damu na inaweza kupandisha sukari na presha. Na kuna jambo ambalo mteja wa sokoni haambiwi: ngozi iliyokonda hivyo inashika nyuzi kwa shida na inapona polepole. Kwa mwanamke anayejifungua kwa kupasuliwa, hilo ni jambo la maisha.

Cha tatu ni zebaki, mercure kwa Kifaransa, na hiyo ndiyo mbaya kupita zote. Shirika la Afya Duniani linasema zebaki ya sabuni na mafuta ya kung'arisha inaharibu figo, na pia inaweza kuleta wasiwasi na huzuni nzito. Mama mwenye mimba anampitishia mtoto. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika Agosti 2017, kwanza uliruhusu kiasi kidogo mno, sehemu 1 kwa milioni. Novemba 2023, huko Geneva, nchi wanachama ziliamua hata kiasi hicho kiondolewe, na mwaka 2025 ukawekwa kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza kati ya nchi na nchi vipodozi vyenye zebaki.

Kuhusu nywele, hadithi inafanana ingawa inazungumzwa kidogo. Defriza nyingi za nguvu zina soda kostike, ile ile ambayo wamama wa Fizi na Baraka wanaitia katika mafuta ya mawese ili yawe sabuni. Mtengeneza sabuni anaijua: inaunguza, hivyo anakaa mbali nayo. Katika saluni soda hiyo inakaa juu ya kichwa cha msichana wa miaka 12 anayeandaliwa kwa komunyo, na anaambiwa avumilie kidogo. Dawa ikianza kuwasha ni lazima ioshwe mara moja, kwa maji mengi. Sasa saluni ngapi za Uvira zina maji mengi saa bomba limekauka? Bidoni moja ya lita 20 ikigawanywa kwa wateja watano haitoshi kuokoa kichwa kimoja. Mwenye saluni anayekataa kuanza kazi kabla bidoni hazijajaa anastahili wateja zaidi.

Oktoba 2022 watafiti wa serikali ya Marekani walitangaza matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wanawake wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, walikadiria kwamba 1.64 kwa mia wangepata kansa ya mfuko wa uzazi kabla ya kufika miaka 70. Kwa wale waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, kadirio lilikuwa 4.05 kwa mia. Hiyo si hukumu ya mwisho, na kansa hiyo si ya watu wengi. Ila wanawake wengi hapa wanarudia defriza kila baada ya wiki sita ao nane, na hesabu ya mara nne inapitwa kabla mwaka haujaisha.

Kwa makiaji ya harusi, machache. Penseli moja ya macho inayopita kwa bibi arusi, wasimamizi na mashangazi wote inapitisha pia macho mekundu. Kila mmoja aje na yake. Na poda isijaribiwe nyuma ya mkono: ijaribiwe kwenye taya, nje, penye mwanga wa mchana, ili uso usionekane umekopwa kwa mtu mwingine kwenye picha.

Yote haya mteja hawezi kuyajua kwa kunusa. Kuna aliyewekwa kuyajua. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, kazi yake ni kuhakikisha ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Bidhaa za Uvira zinapita milango inayojulikana: barabara ya Gatumba na Kavimvira kutoka Bujumbura, bandari ya Kalundu kwa mashua na meli za Kigoma, na barabara ya uwanda wa Ruzizi kutoka Bukavu. Katika kila mlango kuna meza, kuna muhuri, na mfanyabiashara analipa. Akilipa kwa ajili ya udhibiti, mteja ana haki ya kudhani kwamba kitu kimedhibitiwa. Kama kinachoangaliwa ni idadi ya makartoni peke yake, basi jina la malipo hayo libadilishwe.

Nchi nyingine zimeshatembea njia hii. Afrika Kusini ilifunga mlango mwaka 1990, hata matangazo yenye neno la kung'arisha yakakatazwa. Umoja wa Ulaya uliondoa hidrokinoni katika mafuta ya kung'arisha ngozi mwaka 2001. Tanzania ilikataza mwaka 2003. Rwanda, baada ya Rais Kagame kulisema jambo hilo hadharani mwishoni mwa 2018, ilituma polisi madukani kuanzia Januari 2019. Tangu hapo polisi ya Rwanda imetangaza mara nyingi kukamata mkorogo unaovushwa kwa magendo, na sehemu kubwa inasemwa inatoka Kongo. Hilo linapaswa kuwatia viongozi wa Kivu Kusini aibu kidogo. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Haiwezi kuwa depo ya kile ambacho jirani wanakichoma moto.

Hata hivyo, kunakili misako ya Kigali mjini Uvira kungekuwa kosa. Kila mtu hapa anajua misako inaishia wapi: mama mwenye meza ndogo anapoteza mtaji wake wote, makopo yanapakiwa kwenye gari, na baada ya siku chache mengine yanaonekana sokoni kwa bei ya juu zaidi. Mwenye depo hakuguswa. Kazi ianzie juu. Kuna chombo cha mkononi kinachotumia miale kutambua zebaki ndani ya kopo kwa dakika chache tu, bila kulifungua hospitalini wala kulituma Kinshasa. Kimoja Kavimvira na kimoja Kalundu vingetosha kuanza. Hidrokinoni na klobetazoli zinahitaji maabara, lakini sampuli chache kila mwezi si mzigo usiobebeka. Na matokeo yasifungwe kwenye droo. Majina ya bidhaa zilizokutwa mbaya yasomwe kwenye radio za mji, kwa Kiswahili, Kifuliiru, Kivira na Kibembe, saa ile watu wanaposubiri habari. Wauzaji wapewe muda wa kurudisha mali kwa aliyewauzia. Wengi wao wanajipaka wanachouza, nao ni wagonjwa kama wateja wao.

Wakati hayo yanasubiriwa, mteja abadilishe mahali pa kujaribia. Nyuma ya mkono hapasemi kitu. Apake kidogo nyuma ya sikio ao ndani ya kiwiko, asubiri siku mbili, ndipo aamue. Asome kopo: Hydroquinone, Mercure, Calomel, Clobétasol, Bétaméthasone ni maneno ya kurudisha kopo mezani. Kopo lisilo na orodha yoyote lirudishwe pia, hata kama bei ni ya huruma. Yule ambaye amepaka kortizoni kwa miaka asiache ghafla kwa sababu ya woga, kwa maana ngozi inaweza kuwaka na mwili kukosa nguvu. Aende hospitali na kopo lake mkononi, aseme ukweli, apunguziwe taratibu. Daktari naye asimcheke.

Mafuta ya mbegu za mawese, wanayoyaita mise kule Kigoma, bado yanauzwa kwa chupa karibu na makopo hayo hayo. Yana harufu, ni kweli, na hayamfanyi mtu kuwa mweupe. Yanalainisha ngozi na nywele, na aliyeyakamua anaweza kuulizwa swali.

Ipo pia sehemu ya jambo hili inayomgusa hata asiyejipaka. Sabuni yenye zebaki inaoshwa kila asubuhi. Maji yake yanateremka kwenye mitaro, yanaingia Kalimabenge na Mulongwe, yanamalizikia ziwani. Kwenye matope chini ya maji, vijidudu vinaigeuza zebaki kuwa aina inayoingia ndani ya samaki na kubaki humo, ikiongezeka kwa kila samaki anayemla mwenzake. Mukeke na sangala wanaovuliwa mbele ya Kalundu wanaliwa na watoto wa mji mzima, na hakuna meza ya udhibiti kati ya mtumbwi na sufuria.