Wino Uliofichwa Ndani ya Boksi

Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akagusa unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa. Akaulizwa, mbona basi hakuiweka juu watu waione?

Katriji ya printa nayo ni vivyo hivyo. Kuijaza wino upya si kosa, mnunuzi akiambiwa. Kuitia katika boksi la kampuni na kuiuza kama mpya ndiyo ghushi, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inaikataza. Wino wa namna hiyo aghalabu huvuja, huziba kichwa cha printa, na mitihani ya madrasa unayochapa nyumbani Kirumba hutoka na michirizi.

Mzazi mwenzangu, dai risiti. Na boksi tupu lichane kabla ya kulitupa, wapo wanaoyatafuta.