Mwenye Kichwa cha Ndovu

Mwezi huu ukurasa wetu wajibu swali ambalo wazazi na walimu wametuletea zaidi ya mara moja, hasa ikaribiapo sikukuu ya Wahindu iitwayo Diwali. Wauliza: Yule mtu mwenye kichwa cha ndovu, ambaye watoto wetu huiona picha yake ukutani dukani mjini Mwanza, ni nani? Na ladu wapewazo watoto siku ile, wazile au wazirudishe? Maswali ni mawili, lakini twaona kuwa ni moja. Kwa kuwa mtu asiyejua habari ya picha atawezaje kuhukumu habari ya ladu?

Kwanza tutenganishe majina. Kwa mazoea yetu kila mtu ambaye asili yake ni Bara Hindi twamwita Mhindi, kisha twadhani Wahindi wote wana dini moja. Sivyo. Waismailia na Mabohora ni Waislamu. Kalasinga wana dini yao wenyewe, wala hawaabudu sanamu. Wagoa wengi ni Wakatoliki, na babu zao walibatizwa zaidi ya miaka 300 kabla ya babu zetu huku ziwani. Wale ambao watu wa pwani waliwaita Wabaniani ndio Wahindu, na habari hii ni yao. Allidina Visram, tajiri aliyekuwa na maduka pande nyingi za ziwa hili, naye akafariki mwaka 1916, alikuwa Mwismailia; mtu aliyemtafuta mwenye kichwa cha ndovu katika nyumba yake asingemwona.

Jina lake huyo ni Ganesha, na wengine humwita Ganapati. Maana yake ni bwana wa majeshi, yaani yale majeshi ya wafuasi wa mungu Shiva. Vitabu vya Wahindu vyasimulia kuzaliwa kwake kwa njia nyingi, lakini hadithi ijulikanayo zaidi ni hii. Parvati, mke wa Shiva, alitaka kuoga, wala hakuwa na mlinzi wa mlango aliye wake mwenyewe, kwa maana walinzi wote walikuwa wa mumewe. Basi akajisugua mwili, akautwaa ule uchafu pamoja na manjano aliyojipaka, akafinyanga mtoto wa kiume, akamtia uhai, akamwagiza asimame mlangoni, asimruhusu mtu kuingia. Shiva akarudi nyumbani. Mtoto hakumjua baba, wala baba hakumjua mtoto. Shiva akasema nyumba ni yake. Mtoto akajibu kwamba mama amekataza. Vita vikatokea, wafuasi wa Shiva wakashindwa na mtoto mmoja, na mwisho wake Shiva akamkata kichwa.

Parvati alipotoka na kuona yaliyotendeka, hasira yake ikawa kubwa hata akataka kuiangamiza dunia. Ndipo Shiva akawatuma watu wake waende upande wa kaskazini, wakalete kichwa cha kiumbe wa kwanza watakayemkuta. Wakamkuta ndovu. Kichwa kile kikaungwa shingoni mwa mtoto, naye akafufuka. Shiva akampokea kuwa mwanawe, akamweka mkuu wa majeshi yake, akaamuru kwamba katika kila ibada Ganesha aombwe kwanza, kabla ya miungu mingine. Kwa sababu hiyo Mhindu aanzapo safari, au arusi, au nyumba mpya, au mtihani, humtaja yeye kwanza. Humwita mwondoa vizuizi: yule aliyezuia mlango ndiye aombwaye aufungue.

Zipo hadithi nyingine mbili ambazo mwalimu wa shule afadhali azijue. Ganesha na ndugu yake Kartikeya walishindana ni nani atakayetangulia kuizunguka dunia. Kartikeya akampanda tausi wake akaruka. Ganesha ni mnene, na kipando chake ni panya. Basi akawazunguka baba yake na mama yake, akasema hao ndio dunia yake yote, akapewa ushindi. Ya pili ni ya kuandika. Mzee Vyasa alitafuta mwandishi wa utenzi mkubwa uitwao Mahabharata, ambao husemwa una beti 100,000. Ganesha akakubali kwa sharti kwamba Vyasa asisite hata kidogo katika kusimulia. Vyasa naye akaweka lake, kwamba Ganesha asiandike neno lolote kabla ya kulielewa. Sharti hili la pili twalipenda sana, na laiti lingebandikwa katika madarasa ambamo watoto hunakili ubao mzima bila kujua walichonakili! Wasema kalamu ilipovunjika Ganesha alivunja pembe yake mwenyewe akaendelea kuandika, na kwa hiyo picha zamwonyesha ana pembe moja nzima. Wengine husimulia kwamba pembe ile aliutupia mwezi, kwa kuwa mwezi ulilicheka tumbo lake.

Sasa ibada yenyewe. Nyumbani, au katika hekalu kama lile la mjini Mwanza, Mhindu humhudumia mungu wake kama mwenyeji ampokeavyo mgeni mwenye heshima. Sanamu huoshwa na kuvikwa, hupakwa unga mwekundu, hupewa maua na uvumba. Taa huzungushwa mbele yake, na nazi hupasuliwa. Ganesha huletewa hasa maua mekundu na majani ya ukoka, ukoka ule ule ambao mbuzi wetu huula kando ya njia, pamoja na vyakula vitamu, kwa kuwa husemwa kwamba yeye hupenda tamu kuliko miungu wote. Chakula kilichokwisha kuwekwa mbele ya sanamu huitwa prasada, nacho hugawiwa waliohudhuria. Msomaji alishike neno hili, maana tutalihitaji.

Sikukuu yake mwenyewe huwa katika Agosti au Septemba. Upande wa magharibi wa Bara Hindi hufinyanga sanamu za udongo, huzikalisha nyumbani siku chache au siku kumi, kisha huzichukua kwa ngoma hadi mtoni au baharini na kuzizamisha ziyeyuke. Zamani jambo hili lilifanyika zaidi majumbani. Ni Bal Gangadhar Tilak wa mji wa Pune aliyelifanya kuwa la hadhara katika miaka ya 1890, ili watu wakusanyike wakati Waingereza walipowatawala. Wahindu huyapa maji vitu vingi vitakatifu. Ziwa letu lenyewe lalijua hilo: mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilitiwa majini kule Jinja, mahali ambapo Mto Nile hutoka ziwani.

Lakini Wahindu wa Gujarati, ambao ni wengi katika wafanya biashara wa Afrika ya Mashariki, humheshimu Ganesha hasa usiku wa Diwali, katika Oktoba au Novemba. Usiku ule mwenye duka hufungua daftari mpya ya hesabu. Huiweka mbele ya picha ya Ganesha na ya Lakshmi, mungu mke wa mali, na katika ukurasa wa kwanza huandika maneno ya baraka, pamoja na maneno mawili ambayo maana yake ni heri na faida. Siku hizi wengine huweka hata kompyuta mbele ya picha hizo. Kisha mwaka wao mpya huanza. Mwaka wao wa 2081 ulianza Novemba 2024. Katika daftari ile huchora pia alama ya msalaba wenye ncha zilizopindwa, iitwayo swastika. Watoto waliosoma habari za Hitler hushtuka waionapo. Mwalimu na awaeleze kwamba alama hii ni ya kale sana huko Bara Hindi, alama ya heri, na kwamba chama cha Hitler kiliitwaa mwaka 1920 kwa makusudi yake.

Maduka hayo yalifikaje kwetu? Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, meli zikavusha bidhaa mpaka Mwanza, na mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika. Wahindi wakanunua pamba yetu, wakajenga viwanda vya kuichambua. Wakulima walilalamika sana juu ya mizani ya wanunuzi, na malalamiko hayo yalikuwa sababu moja ya kuanzishwa vyama vya ushirika, ambavyo Paul Bomani aliviongoza hata shirikisho lao kubwa likaundwa mwaka 1955. Mtu akitaka kuiunganisha mizani ile na Ganesha, tumwulize amelisoma wapi. Katika ukurasa ule wa kwanza heri huandikwa kabla ya faida, na mizani ya uongo haijapata kungoja dini yoyote. Mwaka 1971 serikali ilipotwaa majumba ya kupangisha, Wahindi wengi walihama. Maduka yao si mengi kama zamani, ila yapo.

Ipo habari ya kale kuliko pamba, ambayo kwetu ni ajabu zaidi. Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walichukua pembe za ndovu mabegani mpaka pwani. Huko Unguja nyumba ya Jairam Shivji, Wahindu wa Kutch, ilikodi ushuru wa forodha kwa miaka mingi, na pembe nyingi zikavuka bahari hadi Bombay, ambako baadhi zilichongwa bangili za maarusi wa Kigujarati. Hivyo meno ya ndovu waliouawa bara yalipita mikononi mwa watu ambao katika kila arusi humtaja kwanza mwenye kichwa cha ndovu. Hatusemi hivi kwa kuwacheka. Mabega yaliyoyabeba yalikuwa yetu.

Je, Mhindu hudhani kwamba sanamu ndiyo Mungu? Wanazuoni wao wengi hujibu kwamba aliye mkuu ni mmoja, hana umbo, na kwamba kwa maombi ya kuhani hukaribishwa katika sanamu ili mwabudu apate kumwendea. Wengine wao huzikataa sanamu kabisa. Chama cha Arya Samaj, ambacho Dayananda Saraswati alikianzisha Bombay mwaka 1875, kimekuwa na wafuasi Nairobi na Dar es Salaam pia. Husimuliwa kwamba Dayananda, akiwa kijana, alikesha hekaluni akaona panya akipanda juu ya sanamu ya Shiva na kula sadaka, naye akaanza kuona shaka. Sisi tulioshika Amri Kumi hatuwezi kuabudu mbele ya sanamu ya Ganesha, wala hatutafuti njia ya kulilainisha neno hili. Lakini kuwaambia watoto kwamba Mhindu ni mjinga aabuduye mnyama ni kumsingizia jirani, na hilo nalo limekatazwa katika amri zile zile.

Basi, zile ladu. Nyumba moja huzitupa zote, nyumba nyingine hula kila kitu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto habari ii hii katika sura ya 8 na ya 10 ya waraka wa kwanza, na nyumba zote mbili zingefaa kuzisoma sura hizo mpaka mwisho. Kinachouzwa sokoni hakukikataza. Lakini chakula ambacho mtu amekwambia kwamba kimetolewa sadaka, alitaka kiachwe, kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyesema. Kwa hiyo sisi twapambanua hivi. Kikasha cha tamutamu ambacho mwenye duka huwapelekea majirani na wafanyakazi wake siku ya Diwali ni salamu za mwaka mpya, kama sisi tupelekavyo sahani ya pilau siku ya Noeli. Mtoto ale, ashukuru. Prasada ni jambo jingine. Hicho ni chakula cha ibada, na Mhindu mwenyewe hukipokea hivyo, kwa mkono wa kuume. Mkristu akilaye kama peremende huidharau dini ya mwenzake na yake pia. Mtoto afundishwe kuuliza kwa adabu, na akiambiwa ni prasada aseme, "Ahsante sana, mzee, kwetu hatuli kilichotolewa sadaka." Asiogope kwamba ataleta chuki. Wahindu wengi hawali nyama, nao wamekwisha kukataa vyakula vyetu mara nyingi kwa upole. Miiko ya chakula waijua kuliko sisi.

Gumu zaidi ni jambo la kijana wetu aliyeajiriwa katika duka la namna hiyo. Kufagia mbele ya picha, kununua maua sokoni, kubeba nazi, hizo ni kazi za mikono, na azifanye vizuri. Kuwasha taa na kuizungusha mbele ya Ganesha ni ibada, na hilo haliwezi. Amwambie tajiri wake siku ile wanapopatana mshahara, asingoje usiku wa Diwali daftari ikiwa imekwisha kufunguliwa.