Sabuni Ije Kabla ya Sahani

Tazama jinsi tunavyonawa tunapokula. Kwa mama lishe, na hata sebuleni kwa mtu mwenye nafasi, kabla ya chakula huletwa birika na beseni. Mlaji humiminiwa maji, akasugua vidole mara mbili, akakung'uta mikono, akaanza kumega ugali. Sabuni haionekani. Huja mlo ukishakwisha, kuondoa mafuta na shombo ya samaki. Maana yake ni kwamba sabuni tumeifanya mtumishi wa pua. Mkono ulioshika noti chakavu na bomba la daladala huingia kinywani ukiwa umelowa tu, na mkono uliokwisha kumaliza kazi ndio unaosuguliwa kwa bidii. Korona, pamoja na misiba yote iliyotuletea, iliupindua utaratibu huu kwa muda. Nasema ilikuwa sahihi kuupindua, na ni kosa letu kuurudisha.

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na Tanzania siku tatu baadaye. Haukupita muda, ndoo zenye koki zikasimama milangoni mwa maduka, misikiti, makanisa na benki, sabuni ya maji ikiwa pembeni. Vijijini vibuyu chirizi vikaning'inizwa karibu na vyoo. Leo nyingi kati ya ndoo hizo zimekauka, na wapo wanaosema zikauke tu, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulienea zaidi kwa hewa. Hoja hiyo ina ukweli, wala haifai kufichwa. Mwezi Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilieleza kwamba anayegusa mahali penye virusi vya korona kwa kawaida ana uwezekano wa chini ya 1 kati ya 10,000 wa kuambukizwa kwa njia hiyo. Basi tulihangaika bure? La, kwa sababu mkono haubebi korona peke yake. Hubeba kipindupindu, minyoo, homa ya matumbo na kuhara kwa watoto, na maradhi hayo hayakungoja korona ije wala hayakuondoka nayo.

Ushahidi ulikuwapo tangu zamani. Katika makazi duni ya Karachi, Pakistan, watafiti walizigawia familia sabuni na kuzihimiza kunawa kwa muda wa mwaka mzima, kuanzia 2002. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka 15 katika nyumba hizo waliugua kuhara kwa asilimia 53 pungufu ya wenzao, na walio chini ya miaka 5 waliugua nimonia kwa asilimia 50 pungufu. Nimonia, ugonjwa wa kifua! Anayedhani mikono haina habari na pumzi asome hapo tena, kisha ahesabu ni mara ngapi mtoto hupeleka kidole puani. Utafiti uleule ulilinganisha sabuni ya kawaida na ile iliyotiwa dawa ya kuua vijidudu, na tofauti haikuonekana.

Tofauti hiyo kutoonekana ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema juu ya tabia nyingine tuliyoirithi, ambayo heri tungeiacha: kuamini kwamba kinachonuka vikali ndicho kinachosafisha. Tulipulizia barabara dawa, pengine hata watu, mpaka Shirika la Afya Duniani likatamka Mei 2020 kwamba kuwapulizia watu dawa hakufai kwa hali yoyote. Hadi sasa wapo wanaochanganya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na dawa ya chooni yenye asidi, wakitumaini nguvu maradufu. Wanachopata ni gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Vitakasa mikono navyo vina nafasi yake, garini au hospitalini, iwapo vina spiriti ya asilimia 60 au zaidi. Lakini kwenye mkono wenye udongo au mafuta huishia juu juu. Sabuni hufanya kazi kwa njia nyingine: upande mmoja wa chembe zake hushika mafuta na mwingine hushika maji, hivyo huvunja ganda la mafuta la virusi kama vya korona, na visivyo na ganda huving'oa vikachukuliwa na maji yanayotiririka. Neno ni kutiririka. Beseni moja wanalochovya watu sita linawagawia wote alichokuja nacho mmoja wao.

Itasemwa kwamba maji ni ghali na sabuni ni ghali zaidi. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, kwani mwaka 2020 takriban watu 3 kati ya 10 duniani hawakuwa na mahali pa kunawia penye maji na sabuni nyumbani kwao. Asiye na maji hahitaji mawaidha. Anahitaji bomba, na deni hilo ni la serikali. Lakini wengi wetu hatumo katika kundi hilo. Kipande cha sabuni ya mche kipo nyumbani, ila kipo kwenye karai la nguo. Kitobolewe, kipitishwe kamba, kifungwe kwenye mpini wa ndoo, wala hakitapotea. Na kibuyu chirizi hutoa maji kidogo kuliko yale yanayomwagwa kwenye beseni.

Wewe mwenye banda la chakula, ile ndoo ya koki uliyoigeuza ya kuhifadhia mkaa, ioshe, uijaze maji, uirudishe mlangoni na sabuni yake. Nawe mlaji, ukimiminiwa maji matupu, usione haya: iulizie sabuni kabla sahani haijafika.