Boksi Bila Mwenyewe

SAFU YA WIKI: KIBO NA MAWENZI
Na Aikaeli Mosha

Mtengenezaji wa kompyuta ana njia tatu za kumfikia mnunuzi. Anaweza kumuuzia mwenyewe kwa simu au kwa intaneti, anaweza kupitia kwa mwenye duka dogo anayeijua bidhaa, au anaweza kuzipanga mashine zake kwenye supamaketi, hatua chache kutoka kwenye sabuni na mchele. Moshi imeishi na njia ya pili kwa miaka mingi na ya tatu imeionja. Hata ile ya kwanza inafanyika mjini hapa kwa namna yake, ingawa hakuna aliyeipa jina.

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Dell. Michael Dell aliianzisha mwaka 1984 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na kampuni ikanenepa kwa kumruka mwenye duka. Mteja alipiga simu, akataja diski na kumbukumbu anayoitaka, mashine ikaunganishwa kwa oda yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilijaribu maduka, ikajitoa mwaka 1994. Kisha HP ikaipita kwa mauzo, na tarehe 24 Mei 2007 Dell ikatangaza kurudi: kuanzia tarehe 10 Juni, kompyuta zake za mezani za chini ya dola 700 zingeuzwa katika maduka zaidi ya 3,000 ya Walmart. Wapo waliofurahi, hasa wale wasioweza kutoa pesa kwa kitu ambacho hawajakishika. Wateja wa zamani walinuna. Hofu yao ilikuwa kwamba mashine ingekatwa ubora ili itoshe kwenye bei ya Walmart, kwamba nafasi ya kuchagua vya ndani ingekwisha, na kwamba ikiharibika, duka lingewaelekeza kwa kampuni na kampuni iwarudishe dukani.

Hofu hizo tatu zinafaa kukumbukwa, kwa sababu miaka michache baadaye zilisikika chini ya Mlima Kilimanjaro kwa watu ambao hawana habari na Walmart.

Moshi si mji wa kufundishwa duka. Nchi nzima mwenye duka la mtaani huitwa Mangi, cheo cha watawala wa zamani wa Uchaggani, hata kama mwenyewe ni Mkinga au Mpare. Huku kwenye kahawa wakulima walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925, kikafuatiwa na KNCU mwaka 1933, na kizazi baada ya kizazi kimezoea biashara ambayo mizani iko mbele ya macho na karani wake anajulikana ni mtoto wa nani. Mwaka 2011 supamaketi ya Nakumatt ya Kenya, iliyoanza kama duka la magodoro Nakuru na kubeba jina la asili hiyo, ilipotafuta mahali pa kufungulia tawi lake la kwanza Tanzania, iliiacha Dar es Salaam ikaja Moshi. Mtu hahitaji ramani kubwa kuelewa kwa nini. Mpaka wa Holili uko karibu, watalii wa mlima wanapita kila wiki, hospitali ya rufaa ya KCMC na vyuo vinaleta watu wenye mshahara na wanafunzi wenye boom, yaani pesa za mkopo wa masomo.

Kilichopokelewa vizuri katika duka la namna hii ni bei ya kubandikwa. Katika duka dogo la vifaa vya umeme, bei ya laptopu huanzia kwenye viatu vya mnunuzi. Mwalimu aliyeshuka na daladala kutoka Kibosho hatajiwi bei moja na mgeni aliyetua na begi la kupandia mlima, na mwanamke aliyeingia peke yake mara nyingi huulizwa kwanza ni nani aliyemtuma. Supamaketi haiulizi. Karatasi iko chini ya mashine, tarakimu ni zilezile kwa padri, kwa mchuuzi wa ndizi na kwa daktari. Kwa wasiojua kuongea bei, au waliochoka kuongea, huo ni unafuu mkubwa. Shule, parokia na mashirika nayo yalipata wepesi, kwa kuwa tangu mashine za EFD zianze kutumika mwaka 2010, mhasibu asiye na risiti ya mashine hiyo ana maelezo marefu ya kutoa.

Lakini bei ileile iliwaudhi wengine. Kulipa bei ya kwanza bila kupunguziwa hata nauli ya kurudi Marangu ni jambo ambalo wapo wasiolisimulia nyumbani. Na katika duka dogo, ununuzi wa laptopu una nyongeza zake: begi, kipanya, pengine flashi, na programu kadhaa za kuwekewa palepale. Keshia wa supamaketi hana mamlaka ya kutoa hata kitambaa cha kufutia kioo.

Hoja nzito zaidi imo ndani ya mashine yenyewe. Watengenezaji wakubwa huunda kompyuta mpakato za matabaka mawili. Kuna za ofisini, kama Latitude za Dell, EliteBook za HP na ThinkPad za Lenovo, zilizokusudiwa kubebwa, kufunguliwa na kukarabatiwa kwa miaka. Na kuna za nyumbani, kama Inspiron, Pavilion na IdeaPad, ambazo mwili wake ni mwepesi na bei yake imepangwa kumvutia anayepita. Zinazofika kwenye rafu za maduka makubwa kwa kawaida ni hizi za pili, na mara nyingi ni ngazi ya chini kabisa: prosesa ya Celeron, kumbukumbu iliyochomelewa isiyoongezeka, na katika baadhi ya mashine hifadhi ya GB 32 ambayo Windows peke yake inakaribia kuijaza.

Tabaka la ofisini linafika Moshi kwa mlango mwingine. Ofisi za Ulaya na Marekani hutumia mashine miaka mitatu au minne, huziuza kwa jumla, nyingi hupitia Dubai na kushuka Kariakoo, kisha hupanda basi hadi Moshi. Ndizo laptopu zinazouzwa kama mtumba, nyingine zikiwa na herufi za Kiarabu kwenye kibodi, nyingine zikiwa na Y na Z zilizobadilishana nafasi kwa desturi ya Ujerumani. Mnunuzi anayelinganisha hizi mbili mkononi anafikia hukumu haraka. Ile mpya inapinda ukiishika kona, hii ya mtumba ni chuma. Ndiyo maana mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika anaweza kusimama mbele ya rafu, akaipiga picha mashine mpya yenye kung'aa, akamtumia fundi wake, na kujibiwa kwa neno moja: acha.

Hukumu hiyo ina haki kiasi, si yote. Mtumba nao una madeni yake. Betri inakuja imechoka. Baadhi ya mashine zimefungwa na nywila ya kampuni ya kwanza, fundi akalazimika kuhangaika na ubao wake. Historia ya mashine haijulikani, na hakuna anayeweza kuapa kwamba haikuibwa. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchi nzima, watu wengi walijifunza kwa gharama tofauti kati ya jina lililoandikwa kwenye kava na kile kilichomo ndani, na tangu hapo boksi lenye lakiri ya kiwandani limekuwa na heshima yake. Kwa heshima hiyo supamaketi ina faida ya wazi.

Ila lakiri hiyo hiyo imewahi kuzaa mshangao. Laptopu nyingi mpya zinazoletwa Afrika Mashariki huja bila Windows, zikiwa na FreeDOS tu, ili bei ishuke. Karatasi ya bei inalitaja jambo hilo kwa herufi ndogo. Mzazi wa Rombo aliyempelekea binti yake zawadi ya kufaulu anaweza kuifungua mbele ya ukoo mzima na kukuta skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa maandishi. Mwenye duka dogo angemwambia kabla, au angekuwa ameshaweka Windows isiyo na leseni bila kusema lolote, ambayo ni dhambi ya aina nyingine.

Hapo ndipo fundi anapoingia, na nafasi yake katika biashara hii haijapewa uzito unaostahili. Fundi wa kompyuta wa Moshi, mwenye meza moja ndani ya steshenari ya mtu, humuuliza mteja anataka kufanyia nini mashine, kisha hutafuta mwili, huongeza RAM, hung'oa diski ya zamani na kuweka SSD, hubadilisha kibodi. Anatengeneza kwa oda. Alichokifanya Dell kwa simu tangu mwaka 1984 kinafanyika kwenye meza hiyo kwa bisibisi na maelewano ya mdomo. Mteja aliyelelewa hivyo, akikutana na mashine zilizofungwa ambazo hazibadiliki, anaziona kama nguo ya kiwandani kwa mtu aliyezoea kupimwa na fundi cherehani. Wateja wa zamani wa Dell walilalamikia Walmart kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha kuna waranti. Kwenye boksi imeandikwa mwaka mmoja, na mwaka huo ni wa mtengenezaji, ambaye hana dirisha katika kila mji. Mashine ikizimika Mwika, hushushwa Moshi mjini. Supamaketi huipokea kaunta, lakini haiifungui. Kwa kawaida safari inayofuata ni ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa mawakala wanaotambuliwa na kampuni. Wiki zinapita, mtihani unapita. Mara nyingine jibu linalorudi ni kwamba hitilafu imetokana na umeme, na uharibifu wa umeme haumo katika waranti. Mwaka 2011, ambao supamaketi ilifunguliwa, ulikuwa mwaka wa mgao mkali wa umeme nchini, na kwa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, masharti hayo yanafanana na kuuziwa mwavuli usioruhusiwa kunyeshewa.

Kisheria, mnunuzi si mnyonge kama anavyodhani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humbana muuzaji kwa bidhaa isiyofaa, na mkataba wa mnunuzi uko na duka, hauko na kiwanda. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo ina vifungu vya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kaunta inayosema "nenda kwa kampuni" haijamaliza wajibu wake. Tatizo ni kwamba haki hii hudaiwa kwa barua na kwa muda, wakati katika duka dogo hudaiwa kwa kusimama mlangoni. Mwenye duka dogo anasali kanisa moja na shangazi wa mteja. Anajua kwamba mashine isiyorekebishwa itazungumzwa msibani na kwenye vikao vya harusi, kuanzia Machame hadi Vunjo. Meneja wa duka kubwa amehamishiwa Moshi mwaka jana na mwakani atahamishwa.

Na maduka yenyewe huhama. Hili ndilo lililowafunza wateja kuliko yote. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania mwaka 2014 na kuiuzia Nakumatt maduka yake matatu ya Dar es Salaam na Arusha. Uchumi ya Kenya ilifunga biashara zake nchini Oktoba 2015. Nakumatt ikazidiwa na madeni. Mwaka 2017 bidhaa zilianza kutoweka kwenye rafu, milango ya Tanzania ikafungwa, na Januari 2020 wadai wake Kenya wakapiga kura kampuni ivunjwe. Game, ambayo kampuni mama yake ya Massmart ilikuwa mikononi mwa Walmart, iliaga Mlimani City ya Dar es Salaam mwaka 2022. Walmart hiyo hiyo iliyoipokea Dell ilikuwa imefika Tanzania kwa mlango wa nyuma na kuondoka bila Moshi kuiona. Aliyebaki na boksi, risiti na miezi minne ya waranti alibaki nazo. Pointi za kadi ya mteja zilikwenda na duka. Meza ya fundi ilikuwa palepale.

Siku hizi maduka makubwa, yanapokuwapo, yamegeuka kuwa mahali pa kusomea bei. Mnunuzi hupiga picha karatasi iliyobandikwa, humtumia ndugu aliyeko Dar es Salaam, naye huenda Kariakoo kuulizia mashine ileile na mwenzake wa mtumba. Mzigo hupakiwa kwenye basi la usiku, au husubiri Desemba, wakati familia zinapopanda kwenda kula Krismasi mlimani na buti za magari zimejaa vitu vya aina hii. Watengenezaji nao wameegemea zaidi wenye maduka madogo, wakiwapa vibao vya kutundika mlangoni na mabango ya ukutani. Anayenunua boksi jipya hupewa risiti ya EFD, ambayo wino wake hufifia kabla waranti haijaisha. Ndiyo maana fundi, kabla hajagusa kitu, humwambia mteja aitolee nakala kwanza kwenye mashine ya fotokopi ya jirani.