MLIMA ULIO KARIBU

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipozifunga njia za ndege, wageni wa ng'ambo walitoweka, na wapagazi wa Kilimanjaro wakakosa mizigo ya kubeba. Somo lake lingalipo. Milima ya Uluguru yaanzia pale Morogoro, kilomita 190 hivi toka Dar es Salaam. Mfanyakazi apumzikaye huko, fedha yake huwafikia ndugu zetu: mpagazi, mpishi na mkulima wa mboga.

Lakini twasema wazi: wakati wa maradhi, mwenye homa asisafiri. Zahanati nyingi za vijijini hazina vitanda vya kulaza wagonjwa wengi. Hatuna budi kuwafikiria wenyeji kabla ya kufunga mizigo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakusema augue.