Vita vya Ulaya na vijana wa Ukambani: Funzo la Kariokor lisipuuzwe

KATANGI, soko lililo katika eneo kame la Yatta, Kaunti ya Machakos, liko maelfu ya kilomita kutoka mji wa Donetsk nchini Ukraine. Mkulima wa ndengu na mahindi huko hana ugomvi wowote na Mrusi wala na Myukreni. Hata hivyo, vita vya Ulaya vimewahi kubisha hodi katika vijiji vya Ukambani, na dalili zinaonyesha kuwa havijachoka kubisha.

Mnamo Septemba 2025, maafisa wa upelelezi walivamia nyumba moja mjini Athi River, katika kaunti hiyo hiyo ya Machakos, wakawaokoa watu 22 waliokuwa wakiandaliwa kusafirishwa hadi Urusi. Miezi miwili baadaye, Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alitangaza kuwa huenda zaidi ya Wakenya 200 walikuwa wamejiunga na majeshi ya Urusi. Nayo Ukraine ilisema kuwa Waafrika wasiopungua 1,436 kutoka mataifa 36 walikuwa wakipigana upande wa Urusi.

Baadhi ya walioponea walieleza kuwa waliahidiwa kazi za kawaida zenye mshahara mnono. Walipofika walitakiwa kutia sahihi mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoielewa, kisha wakakabidhiwa bunduki.

Wapo watakaodhani kuwa jambo hili ni geni. La hasha! Historia ya Ukambani inaonyesha kuwa njia hii ilikanyagwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilichochewa na mambo ya mbali kabisa na Afrika. Mnamo Juni 28, 1914, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, aliuawa mjini Sarajevo. Kwa kuwa mataifa makubwa yalikuwa yamefungamana kwa mikataba ya kusaidiana, na kila moja lilihofia nguvu za jirani yake, kifo hicho kiliwasha moto uliosambaa barani kote kwa muda wa wiki chache. Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani mnamo Agosti 4.

Siku nne baadaye, manowari ya Uingereza iliishambulia Dar es Salaam, na kabla ya Agosti kwisha Wajerumani walikuwa wameutwaa mji wa Taveta. Hivyo ndivyo Waafrika walivyojikuta wakiuana kwa sababu ya ugomvi wa wafalme wasiowajua.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua kwamba hangeweza kuishinda Uingereza. Nia yake ilikuwa kuwashughulisha maadui huku Afrika ili wasipelekwe Ulaya. Aliwakokota kutoka mlima Kilimanjaro hadi Rufiji, Msumbiji na hatimaye Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ambako alisalimu amri mjini Abercorn mnamo Novemba 25, 1918. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu vita vikome Ulaya.

Katika nchi isiyo na barabara, yenye mbung'o walioangamiza farasi na ng'ombe, jeshi hilo la Uingereza lilitegemea mabega ya binadamu. Ndipo kikaundwa kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, jina ambalo wenyeji walilitamka Kariokor. Mwanzoni baadhi yao walikwenda kwa hiari. Habari za vifo zilipofika vijijini, hiari ilikwisha na mwaka 1915 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuwalazimisha.

Mwaka 1917 msako ulipamba moto. Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa John Ainsworth, mtu aliyeijua Ukambani vyema kwa kuwa alikuwa mtawala Machakos katika miaka ya 1890. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa, nao wakawakamata vijana wenye nguvu, hasa wale ambao jamaa zao hawakuwa na usemi.

Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Inakadiriwa kuwa wapagazi wapatao milioni moja walitumiwa na upande wa Uingereza katika Afrika Mashariki, na kwamba karibu 100,000 kati yao walifariki.

Waliorejea walipokewa na ukame, njaa na homa kali ya mafua ya mwaka 1918. Badala ya shukrani, walifungwa kipande shingoni na kodi ikapandishwa. Askari wa Kizungu waliopigana vita vivyo hivyo waligawiwa mashamba nchini kupitia mpango ulioanzishwa mwaka 1919. Jamaa za wapagazi wengi waliofariki hawakupata hata mishahara ambayo marehemu walikuwa wameitolea jasho.

Si kwamba hapakuwa na lolote lililobaki. Inasimuliwa kuwa ufundi wa kuchonga vinyago ulioipa Wamunyu sifa duniani uliletwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika alipokuwa akitumika katika vita hivyo. Hata hivyo, riziki hiyo ni matunda ya bidii ya mtu mmoja na wafuasi wake. Si fidia iliyotolewa na waliomtuma.

Jijini Nairobi, sanamu za askari na mpagazi zimesimama katika barabara ya Kenyatta, lakini majina ya waliokufa hayapo. Mnamo Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Ilikuwa imechukua zaidi ya karne moja kutamka neno hilo.

Tofauti kati ya enzi hizo na sasa ni wazi. Mpagazi wa 1917 alishikwa kwa nguvu. Kijana wa 2025 alivutwa kwa ahadi. Lakini chanzo ni kile kile. Taifa kubwa likiishiwa na watu walio tayari kufa, hutafuta damu ya bei nafuu kwingineko. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mnamo Februari 24, 2022, amri ya kuwaita askari wa akiba 300,000 iliwafanya raia wengi kutoroka nchi. Tangu hapo Moscow ilielekea zaidi kwenye mikataba ya malipo makubwa, na mawakala wakapata soko.

Soko hilo hustawi penye dhiki. Kuanzia mwishoni mwa 2020, maeneo kame ya Kenya yalikumbwa na misimu mitano mfululizo ya mvua duni. Vita vya Ukraine navyo vikachangia kupandisha bei ya ngano na mbolea, hadi serikali ikalazimika kutoa ruzuku mwaka 2022. Kwa maneno mengine, vita vile vile vilivyomfukarisha mkulima ndivyo vilivyorudi kumtafuta mwanawe.

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Kwa Ukambani, nyasi ziling'olewa zikapelekwa walipo fahali.

Mwaka 1917 mkazi wa Yatta hakuwa na serikali ya kumtetea. Leo anayo. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina jukumu la kusajili mawakala wa kazi, na orodha hiyo inafaa kufika katika ofisi za machifu na mabaraza ya vijijini, si kubaki Nairobi tu. Kila anayesafirishwa anapaswa kuandikwa jina lake, kazi aendayo na mwajiri wake. Wanaowalaghai vijana nao washtakiwe hadi kesi zikamilike.

La sivyo, mama wa Katangi atamsubiri mwanawe kama bibi zake walivyowasubiri wapagazi: bila barua, bila kaburi, wala jina lililochorwa popote.