Mkono Ndani ya Rundo la Nafaka



Katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), naye Imamu Muslim akaithibitisha, Bwana Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula kinachouzwa, akatia mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba kilinyeshewa na mvua. Akaulizwa ni kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa, watu wakakiona.

Wako wanaonung'unika kwamba serikali haina ruhusa kuingia jikoni mwa mtu. Imekwisha kuingia zamani. Chumvi yetu hutiwa ayodini kwa amri ya sheria, na tangu 2012 unga wa viwandani na mafuta ya kupikia sharti viongezwe virutubishi. Ndani ya unga mna madini ya chuma na asidi ya foliki, inayomkinga mtoto tumboni na kasoro za uti wa mgongo. Mimi sioni ubaya hapo.

Lakini kazi kubwa ya mtawala ni ule mkono ndani ya rundo. Mwaka 2004, huko Ukambani, mahindi yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu. Watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haimalizwi na moto wa kupikia. Mama awe mwangalifu namna gani, hawezi kuipima kwa kidole. Yahitaji vipimo, na vipimo ni jukumu la dola.

Hapa ndipo penye kasoro. Sheria ya virutubishi yamshika mwenye kiwanda, ilhali familia nyingi, hasa za wanyonge, husagisha mahindi yao kwenye mashine za mtaani. Unga huo hauongezwi kitu, na ni nani aupimao? Katiba imezipa kaunti mamlaka ya kusimamia wauzao chakula. Basi wanaokuja kutuomba kura tuwaulize: ni mashine ngapi za mtaa huu zimekaguliwa?

Kwa sasa, kabla ya kusagisha, tuyaanike mahindi yakauke barabara, tuchambue punje zilizoota kuvu na kuzitupa. Tusimpe ng'ombe, kwani sumu hiyo hurudi kwetu ndani ya maziwa.